Kuuliza Habari Katika Nyumba ya Mwenye Taabu

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya mambo yanayoonekana kwa macho: ngoma, mahari, vyakula vya msituni, tohara ya vijana. Sisi tumechagua desturi isiyo na ngoma wala vazi. Ni namna ya kuingia katika nyumba ya mtu aliye na taabu: mgonjwa, mfiwa, aliyeibiwa, aliyepoteza kazi, mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Unabisha hodi, unakaribishwa, unapewa kiti. Halafu unasema nini?

Kwetu Kampene siku hizi tunasema mambo mawili. La kwanza ni "masikini ya Mungu!" La pili ni malalamiko: serikali, barabara, mishahara, vita, vijana wa leo. Mawili haya hutembea pamoja kama mapacha. Tunamhurumia mwenye taabu dakika tano, kisha tunalalamika saa mbili, na wakati wa kuagana hakuna anayejua zaidi ya alivyojua wakati wa kufika. Mgonjwa amelala palepale, na deni liko palepale.

Hatudharau neno pole. Mtu asiyesema pole ni mtu gani? Lakini kwa wazee wetu pole ilikuwa mlango tu, na mtu hakai mlangoni.

Tulikua upande wa mama zetu, katika kijiji cha msituni cha teritware ya Pangi, na vilio tulivihudhuria vingi, kwa sababu zamani watoto hawakufukuzwa penye kilio. Wageni walipofika walilia kwanza, kila mtu kwa sauti yake. Kisha kilio kilitulia, maji yakaletwa, na mkubwa mmoja wa wageni akasema: "Basi, tuelezeni." Hapo mtu wa nyumba, mara nyingi ndugu wa marehemu, alianza mwanzo kabisa. Ugonjwa ulianza siku gani. Alikuwa ametoka wapi: shambani, mtegoni, sokoni. Alisema anaumwa wapi. Nani alikwenda kutafuta dawa, na alichelewa kwa nini. Alikula nini mara ya mwisho, akamwita nani. Wageni hawakunyamaza kama watu wa kanisani. Waliuliza. "Hiyo siku mvua ilikuwa inanyesha?" "Mtoto mdogo alikuwa wapi?" "Na ile nyumba aliyoanza kujenga, imefika wapi?"

Kundi lingine likifika mchana, habari ilielezwa upya tangu mwanzo. Na jioni tena. Sisi watoto tulichoka. Siku ya tatu tuliweza kuieleza wenyewe bila kukosea, na wengine waliiigiza nyuma ya nyumba mpaka wakapigwa. Leo tukiwa watu wazima tunaona kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Siku ya kwanza mjane hakuweza kusema hata neno moja, alielezewa. Siku ya pili alisahihisha: "Hapana, haikuwa asubuhi, jua lilikuwa limeshapanda." Siku ya tatu yeye mwenyewe alieleza, akalia katikati, akaendelea. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Walikuwa wakimuuliza tu.

Kuna kazi ya pili, na ndiyo tunayotaka wasomaji waitazame vizuri. Ndani ya maelezo yale kulikuwa na orodha ya mahitaji, ingawa hakuna aliyeisoma kama orodha. Mgeni aliposikia kwamba marehemu aliacha nyumba haijaezekwa, alirudi baada ya siku chache na vijana wawili na mizigo ya majani ya kuezekea. Mwingine alisikia kwamba mpunga ulikuwa tayari kuvunwa na hakuna mikono. Dada zake walikuja na visu. Mwingine alisikia kwamba mtoto mdogo bado ananyonya na maziwa ya mama yamekauka kwa huzuni. Akatuma mtu wa kukaa naye. Kila mmoja alisaidia mahali habari ilipomwonyesha. Leo tunaleta bahasha, na ndani ya bahasha zote kuna kitu kimoja. Bahasha ni nzuri, inanunua sanduku na chakula cha wageni. Lakini haijui kama paa linavuja.

Elimu ya namna hii, kwa Warega, ilikuwa na shule yake, ndiyo Bwami. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliivunja kwa amri mwaka 1948, kwa kuogopa nguvu yake, haikufa. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck aliketi na wazee wa Bwami na kuandika mengi waliyomfundisha, na kitabu chake Lega Culture kilitoka mwaka 1973. Sanamu nyingi za Bwami ziko leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya kioo, ambako hakuna anayeziimbia. Moja kati yake ina vichwa vingi, na jina lake ni Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa Vingi. Kwa wazee alikuwa mfano wa mtu mwenye hekima, anayeona pande zote. Hatujui picha nzuri zaidi kwa jambo tunalolisema hapa. Mtu wa kichwa kimoja huingia nyumbani mwa mgonjwa na kuona mgonjwa tu. Mwenye vichwa vingi huona pia mke asiyelala, mtoto aliyeacha shule ili achote maji, na jirani aliyeacha kuja.

Tena katika Bwami kitu hakikufafanuliwa kama sisi walimu tunavyoandika somo ubaoni. Kilionyeshwa, methali yake ikaimbwa na kuchezwa, na kitu kilekile kiliweza kubeba maana nyingine siku nyingine. Anayeingia ilimpasa atazame na kutafuta. Wala hakupanda peke yake. Ndugu walikusanya naye mali, pamoja na zile fedha za simbi zilizoitwa musanga. Na mwanaume hakufika daraja la juu la kindi bila mke wake kuingizwa naye. Kwa hiyo kutazama kwa makini na kushikana mikono vilifundishwa kwa wakati mmoja. Hatusemi Bwami ilikuwa malaika. Ilikuwa na gharama yake na majivuno yake, kama kila chama cha wakubwa. Tunasema tu kwamba babu zetu hawakuliachia jambo hili tabia ya mtu, aliyezaliwa na moyo mwema aseme vizuri na asiyezaliwa nao anyamaze. Walilifundisha.

Turudi kwa lile neno masikini. Lilikuja na Kiarabu, na maana yake ni mtu fukara. Kwetu limekuwa kama mlio wa kinywa, mtu analitoa bila kufikiri, kwa mtoto aliyeanguka na kwa mzee aliyefiwa sawasawa. Lakini fukara ndani yake hajatoka. Ukiniita masikini, wewe uko juu na mimi niko chini, hata kama sote wawili hatujala tangu asubuhi. Ndiyo maana watu wenye heshima zao hawapendi kuambiwa. Tumemsikia mama mmoja mjane akimjibu jirani: "Masikini ni yule asiyekuwa na watu. Mimi niko na watu, wewe ukiwa wa kwanza. Kaa chini, nikueleze." Jirani alikaa. Tena tazama kwamba baada ya "masikini ya Mungu" hakuna swali linalofuata. Neno limefunga mazungumzo kama kifuniko cha sufuria. Wapwani wana methali yao kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sawa, lakini aliyekilalia yupo, ana mdomo, muulize.

Malalamiko nayo yana historia, hasa hapa. SOMINKI ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini yaliyotoka wakati wa Wabelgiji. Oktoba 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na kampuni haikupona tena. Mwaka 1997 ilifika mwisho wake na SAKIMA ikaundwa. Mwaka uliofuata vita ikaanza upya, mpaka 2003. Mtu aliyeajiriwa kijana, akaoa kwa mshahara wa madini, akazeeka bila mshahara wowote, ana haki ya kulalamika, na hatutamfunga mdomo. Jioni moja ukikaa na wazee wa zamani wa kampuni utasikia yote: posho ilikuwa inatoka siku gani, hospitali ilikuwa safi namna gani, lori lilikuwa linafika Kindu kwa saa ngapi. Vijana hucheka pembeni. Wanasema: "Wazee wameanza tena."

Lakini ilitokea siku moja kijana mmoja, fundi wa pikipiki, hakucheka. Chemchemi ya mtaa wao ilikuwa imekauka nusu, na mmoja wa wale wazee alikuwa zamani fundi wa maji. Kijana akamuuliza: "Baba, maji ya wakati ule mlikuwa mnayatoa wapi? Bomba lilikuwa linapita upande gani?" Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akasimama, akachukua fimbo, akaanza kuchora chini. Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye njia ya msitu, vijana sita nyuma yake na mapanga, akiwaonyesha mahali kisima cha kukusanyia maji kilipozikwa na udongo. Walifukua siku tatu. Maji yaliyotoka hayakutosha mtaa mzima, tuseme ukweli. Yalitosha nyumba za karibu. Lakini mzee yule, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na habari moja tu ya kusimulia, ile ya kuachwa, sasa ana nyingine. Vijana wanamwita "Injinia". Anajifanya hapendi.

Katika shule zetu jambo ni zito zaidi, na hapo ndipo tunapolijua kwa karibu. Chumba cha walimu ni nyumba ya malalamiko. Tunalalamikia mishahara, na kuna sababu. Tunalalamikia prime ambayo wazazi walianza kubeba katika miaka ya 1990, na tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure, tunalalamikia madarasa yaliyojaa mpaka mwalimu hapiti kati ya mabenchi. Tulipokuwa ISP tulisoma kidogo juu ya Carl Rogers, yule mwanasaikolojia Mmarekani aliyefundisha kwamba anayetaka kumsaidia mtu ajaribu kwanza kuuona ulimwengu kama mwenyewe anavyouona, bila kumhukumu. Tuliandika katika daftari, tukapata pointi. Wakati ule hakuna profesa aliyetuambia kwamba bibi zetu walifanya hivyo penye kilio, wakiwa wameketi juu ya mkeka.

Tutaeleza jambo moja kwa urefu, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya eneo letu, baba wa mwanafunzi wa mwaka wa tano alifunikwa na udongo katika shimo la kasiteriti, akafa. Shule ilifanya kama shule nyingi zinavyofanya. Asubuhi, mbele ya bendera, kijana aliitwa mbele ya wenzake. Watu wakanyamaza dakika moja. Akapewa bahasha ya mchango, mchele, sabuni na shati jeupe. Hotuba ilikuwa ndefu, na neno yatima lilirudi mara nyingi. Watu walitoa kwa moyo, wengine katika kidogo walichokuwa nacho. Wiki mbili baadaye kijana hakuonekana tena darasani.

Katika chumba cha walimu makundi mawili yalitokea. Kundi la kwanza lilisema watoto wa leo hawana shukrani, amepewa kila kitu na bado amekimbilia machimbo kutafuta faranga. La pili lilisema masikini, ndiyo maisha ya yatima, tutafanya nini? Walibishana kwa ukali. Lakini ukisikiliza vizuri, wote walikuwa wamekwisha kufunga faili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika nyumbani kwa yule mtoto.

Aliyefika ni mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, ambaye wanafunzi humwita Mama tu. Alikwenda Jumamosi, na kifurushi cha sombe mkononi, bila bahasha. Akamkuta mjane anatwanga, akashika mchi wa pili. Walitwanga muda mrefu. Hakuuliza, "Sababu gani mtoto ameacha shule?", kwa maana swali hilo lina kidole ndani yake. Aliuliza habari ya marehemu: "Dada yangu, baba watoto alikuwa anafanya kazi namna gani? Alikuwa na shimo lake mwenyewe, ao alikuwa anachimbia mutu?"

Habari yote ilitoka kwa swali hilo moja.

Kwa wasomaji wasiokaa karibu na machimbo, tueleze kidogo. Mwenye shimo huitwa PDG, kama mkubwa wa kampuni ya Kinshasa, ingawa ofisi yake ni shimo. Yeye hulisha wachimbaji, hununua vyuma, tochi, na pampu ya maji kama anaweza. Kwa kuwa fedha hana, hukopa kwa mnunuzi wa madini, na hulipa kwa madini, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Shimo likitoa vizuri, PDG anajenga nyumba. Lisipotoa, deni linakua naye akiwa ndani ya udongo. Marehemu alikuwa PDG kwa miezi minne tu. Shimo lilipomfunika, wachimbaji walitawanyika na deni likabaki juu ya ardhi. Mnunuzi alikuja baada ya kilio kwisha, akaongea kwa upole, na familia kwa woga ikakubali kwamba kijana mkubwa atalipa kwa mikono yake.

Kwa nini hakuna aliyejua? Kwa sababu kilio kilikuwa cha siku hizi: watu walifika, wakasema masikini, wakalalamikia serikali isiyolinda wachimbaji, wakaweka mchango kwenye sahani, wakaondoka. Hakuna aliyesema "tuelezeni". Na deni ni aibu. Mtu hawezi kuliweka mwenyewe karibu na maiti, mpaka aulizwe na mtu anayemwamini.

Mama yule hakuwa na fedha. Ni mwalimu. Aliendelea kuuliza tu. Deni lilianza lini? Nani alikuwepo? Kuna maandishi? Mjane akakumbuka kidaftari ndani ya koti la marehemu. Marehemu alimaliza darasa la sita, na aliandika kila kitu kwa penseli: chuma, mchele, mafuta, kilo ngapi zimetolewa siku gani. Walipokaa na kuhesabu, wakaona mara mbili alizopeleka madini ambazo hazikukatwa katika deni.

Wengine hapo wangekwenda kupiga kelele kwa mnunuzi. Mama alimwendea pamoja na mjomba wa kijana na wazee wawili, wakakaa, wakanywa maji. Hata yeye alimuuliza: "Na wewe, baba, nani anakudai?" Watu walishangaa. Mnunuzi naye akaeleza: alikuwa na deni kwa mkubwa wake wa mjini, na mkubwa hakutaka kusikia habari ya mashimo yaliyoanguka. Hakuwa mwizi kamili wala malaika. Alikuwa mtu aliyebanwa aliyembana mwingine wa chini yake. Kidaftari kikafunguliwa mbele ya wote. Zile kilo zikakatwa. Kilichobaki kiligawanywa kwa miezi, mjomba akachukua sehemu, ndugu wawili wa marehemu wakachukua sehemu, na kijana akabaki na kazi ya Jumamosi na ya likizo. Mwaka ule wa shule ulikuwa umekwisha kupotea. Alirudi Septemba iliyofuata, akakaa na wadogo zake.

Alipoulizwa baadaye juu ya asubuhi ile ya bendera, alisema: "Mama, walinisimamisha kama mwizi. Kila mutu alikuwa ananiangalia, hakuna aliyeniuliza kitu." Tumerudia maneno hayo mbele ya walimu wenzetu zaidi ya mara moja, na kila mara chumba hunyamaza.

Sasa kuna wasomaji watakaosema: mnataka kutufundisha umbeya. Shaka hiyo ni ya haki. Kuna swali moja linaloulizwa sana katika vilio vyetu, tena kwa nguvu: "Nani amemukula?" Hilo halitafuti kujua, limekwisha kujua. Linatafuta jina tu, na mara nyingi jina ni la mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Vijana hunywa, hukasirika, na kabla ya jua kuchwa nyumba ya bibi imechomwa. Tumeona majivu. Anayependa desturi zetu asilifiche jambo hili chini ya mkeka. Na tofauti yake na "tuelezeni" si ngumu kuiona: lile la kwanza linakwenda kwa mtu asiyekuwepo, ili alipe, la pili linakwenda kwa mfiwa mwenyewe, na linamwachia nafasi ya kujibu anavyotaka. Mbeya naye utamjua kwa miguu yake. Akisha kusikia, anatoka mbio kwenda kusimulia. Wageni wa zamani walipokwisha kusikia walirudi na majani ya paa.

Tena kuna nyumba ambazo hata "ilikuwa namna gani" haifai kuingia nayo. Wako kati yetu wanawake waliotendewa mambo ya vita, miaka ile ya 1998 mpaka 2003 na hata baadaye. Walihojiwa mara nyingi, na watu wenye kalamu, na watu wenye kamera, na kila mmoja alitaka sehemu ileile ya habari. Na mtaani waliitwa masikini mpaka neno likawa kama jina lao la pili. Kwa dada kama huyo, mama mmoja wa kikundi cha likelemba cha jirani zetu huuliza habari ya leo tu: mihogo imepandwa upande gani, mtoto wa pili anasoma wapi, bei ya mawese imefika ngapi. Alikaa hivyo na mwenzake mmoja kwa miaka miwili. Siku moja mwenzake akaeleza mwenyewe, wakiwa njiani kutoka shambani, mizigo mgongoni, bila kuangaliana. Mama akatembea tu, akasikiliza. Walipofika mtoni akauliza: "Tupumzike?" Wakapumzika.

Labda kitu kigumu zaidi kwetu watu wa shule ni kwamba tumezoea maswali ambayo majibu yake tunayo tayari. Mtoto akijibu sivyo, tunaandika sifuri. Mwalimu akimuuliza mwanafunzi, "Kwa nini umechelewa?", mtoto anajua kwamba hakuna anayetaka jibu, anapiga magoti moja kwa moja. Tulijaribu hesabu ndogo kati yetu walimu wanne: katika wiki moja, ni mara ngapi tulimuuliza mwanafunzi jambo ambalo sisi wenyewe hatulijui? Hatutaandika namba hapa.

Tangu mwaka jana walimu wachache tunakutana Jumatano baada ya masomo, chini ya paa la nyuma ambalo mvua ikinyesha hatusikiani. Kila mmoja huleta jina la mwanafunzi mmoja na jambo moja asilolijua juu yake. Mara ya kwanza ilikuwa vigumu. Wote tulileta malalamiko yaliyovaa nguo ya swali. "Sijui kwa nini huyu ni mvivu hivi." Mwenye kuongoza aliyarudisha yote. Wiki ya tatu mwalimu wa historia alileta jina la msichana wa mwaka wa nne ambaye kazi zake za nyumbani huwa nzuri kurasa mbili za kwanza, kisha mwandiko huharibika na mwisho hukatika katikati ya sentensi. Alisema: "Sijui anasomea taa gani."

Akaenda kuuliza. Nyumbani kwao taa haipo. Msichana husomea nje, kando ya duka la dawa lenye sahani ya jua juu ya paa, akiegemea ukuta chini ya balbu ya mlangoni. Duka hufunga saa mbili. Mwenye duka, alipoulizwa naye, alisema alikuwa akimwona kila jioni, akidhani anamngoja mtu; sasa huacha balbu ikiwaka mpaka saa tatu na nusu, na ameweka benchi. Kazi ya historia hutolewa Ijumaa, ili Jumamosi mchana iwepo.